Maumivu ya Kichwa ya Asubuhi Si Uvivu wa Mtumishi

Ni vigumu kuikuta ofisi ya umma, au chumba cha walimu, ambamo hapana mtumishi mmoja anayejulikana kwa vidonge vyake. Mtumishi huyo hufika kazini akiwa amekunja uso, huitikia salamu kwa shida, huomba maji ya kunywa kabla hajafungua jalada la kwanza, na katika droo ya meza yake, baina ya kalamu na mihuri, hapakosi karatasi ya Panadol. Wenzake wamekwisha mtafutia sababu. Wapo wasemao kuwa amekesha kilabuni. Wapo wasemao kuwa ana mawazo ya nyumbani. Mkuu wake wa kazi, ambaye mara mbili amemkuta akisinzia saa nane mchana, amekwisha andika juu yake maneno yanayoweza kumfuata mpaka siku ya kustaafu: mzembe, hana ari ya kazi.

Huenda maneno hayo ni ya haki. Wavivu wapo, na hapana haja ya kuwatetea. Lakini yawezekana pia kwamba mtu huyo si mvivu, halewi, na hupanda kitandani saa tatu ya usiku pamoja na watoto wake, ila tu usingizi anaoulala si usingizi. Yawezekana kwamba kila usiku pumzi yake hukatika mara mia au mia mbili, naye asijue, na kwamba kichwa kinachomuuma alfajiri ndiyo habari ya kwanza anayoipata kuhusu mambo yaliyompata usiku kucha. Ugonjwa huo matabibu huuita apnea ya usingizi, na aina yake iliyo ya kawaida zaidi ni ile inayotokana na kuziba kwa njia ya hewa kooni.

Jinsi unavyotokea si jambo gumu kulielewa. Nyuma ya ulimi, baina ya pua na koromeo, njia ya hewa haikushikiliwa na mfupa wala gegedu kama ilivyo chini zaidi penye bomba la pumzi. Ni mrija wa nyama tupu, na kinachouweka wazi ni nguvu ya misuli. Mtu anapokuwa macho, misuli hiyo hufanya kazi yake bila ya kuamrishwa. Akilala hulegea, kama ilegeavyo misuli mingine yote. Kwa watu wengi kulegea huko hakuna madhara. Lakini kwa yule ambaye njia yake ni nyembamba tangu awali, ama kwa sababu ya mafuta yaliyojaa shingoni, ama taya lililorudi nyuma, ama mafindofindo makubwa, ulimi na kaakaa laini huanguka nyuma na kugusana na ukuta wa koo. Hewa ikipita kwa taabu, nyama hizo hutetemeka, na mtetemeko huo ndio mkoromo. Njia ikifungwa kabisa, mkoromo hukoma ghafla. Kifua kinaendelea kupanda na kushuka, kikivuta hewa ambayo haiji. Oksijeni katika damu inapungua na hewa ya kaboni dioksidi inajilimbikiza, mpaka ubongo ushtuke na kumzindua mtu kiasi cha kukaza misuli yake tu. Hapo hushusha pumzi kwa kishindo, hugeuka, huanza kukoroma upya, na mambo yote yanarudia.

Matabibu huhesabu pumzi kuwa imekatika ikiwa imesimama kwa sekunde 10 au zaidi; ziko zinazosimama kwa dakika nzima. Pumzi ikikatika au kupungua sana mara 5 hadi 14 kwa saa, ugonjwa huhesabiwa kuwa mdogo. Mara 15 hadi 29, wa wastani. Mara 30 na kuendelea, mkali. Na afanye hesabu mwenye kupenda: mtu wa mara 30 kwa saa, akilala saa 7, amezinduliwa mara 210 kabla ya jogoo kuwika. Hakuna askari wa zamu ya usiku anayesumbuliwa kiasi hicho, na askari wa zamu angalau hupewa siku ya kupumzika.

Jambo la kusikitisha ni kwamba jamii inamtazama mtu huyu na kuona kinyume cha hali yake. Mkoromo hudhaniwa kuwa alama ya usingizi mnono. Husemwa kuwa fulani amelala fofofo, analala usingizi wa pono, na watu hucheka. Mabweni ya shule yana vituko vyao juu ya mkoromaji, na katika kila safari ya semina hutafutwa mtu wa kumtolea kafara alale naye chumba kimoja. Ni kweli kwamba si kila akoromaye ni mgonjwa. Wengi hukoroma na hawana neno. Lakini mkoromo mkubwa wa kila usiku, wenye kukatwa na vipindi vya ukimya na kufuatwa na kweu kama ya mtu aliyeibuka kutoka majini, si kichekesho hata kidogo. Ni mtu anayekabwa na koo lake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kichwa. Chama cha kimataifa cha madaktari wa maumivu ya kichwa kina orodha yake ya aina za maumivu hayo, ambayo toleo lake la tatu lilitolewa kwa ukamilifu mwaka 2018. Ndani ya orodha hiyo yamo maumivu ya kichwa yanayosababishwa na apnea ya usingizi, nayo yameelezwa kwa dalili zinazoweza kutambuliwa na mtu yeyote. Mgonjwa huamka nayo. Huwa pande zote mbili za kichwa, yakibana kama kilemba kilichokazwa, wala hayapigi upande mmoja kama kipandauso. Hayaambatani na kichefuchefu, wala mgonjwa hachukizwi na mwanga au kelele. Aghalabu hutokea zaidi ya siku 15 katika mwezi. Na hili ndilo la kuzingatiwa zaidi: huondoka yenyewe ndani ya saa nne.

Saa nne! Hebu lifikiriwe jambo hili kwa kulilinganisha na siku ya mtumishi. Ameamka saa kumi na moja na nusu kichwa kinamuuma. Amefika kazini saa moja na nusu, ameomba maji, amemeza vidonge viwili. Ilipofika saa tatu kichwa kimetulia, na saa nne anakunywa chai na wenzake akiwa mtu mwingine kabisa. Ni nani atakayemshawishi kwamba si kidonge kilichomponya? Kesho atameza tena, na kesho kutwa, na kila siku kidonge kitasifiwa kwa kazi ambayo huenda ingefanywa na saa ya ukutani. Hivyo mtu anaweza kuishi miaka 10 na maradhi yasiyotajwa jina, kwa kuwa dawa aliyojipa inaonekana inafanya kazi.

Wala mchezo huo si wa bure. Vidonge vya kutuliza maumivu vina tabia ya kugeuka dhidi ya mwenye kuvitumia. Mtu mwenye maradhi ya kichwa akimeza paracetamol au aspirini kwa siku 15 au zaidi katika mwezi, akaendelea hivyo kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe yaweza kumzalia maumivu mapya ya kichwa. Kwa zile zilizochanganywa, kama vile za paracetamol na kafeini au kodeini, siku 10 kwa mwezi zinatosha. Basi yule aliyekuwa na sababu moja ya kuumwa kichwa sasa anazo mbili, na ya pili ameinunua dukani kwa fedha zake. Muuza dawa anayemwona mteja yule yule kila wiki, akihitaji kile kile, ana wajibu wa kumwuliza swali kabla ya kupokea fedha.

Kuhusu namna gani hasa pumzi iliyokatika inazaa maumivu, wataalamu hawajafikia neno moja. Hoja iliyozoeleka ni ya kaboni dioksidi: hewa hiyo ikizidi katika damu, mishipa ya damu ya ubongo hutanuka, na shinikizo ndani ya fuvu huongezeka. Wengine wanautazama upungufu wa oksijeni. Wengine wanasema kisa ni usingizi wenyewe uliochanwachanwa, kwani hata mtu asiye na ugonjwa wowote, akinyimwa usingizi, kichwa humuuma. Kila hoja ina nguvu yake na udhaifu wake, maana imeonekana kwamba mwenye ugonjwa mkali zaidi si lazima awe ndiye mwenye kichwa kinachouma zaidi. Yasiyo na ubishi ni mawili: kwamba maumivu haya hutokea zaidi kwa wenye ugonjwa huu kuliko kwa wengine, na kwamba ugonjwa ukitibiwa, nayo huondoka.

Hapa pana haja ya kuwa waangalifu, kwani ni rahisi kwa mwenye kusoma habari ya ugonjwa mpya kuuona kila mahali. Watafiti wa Norway waliwapima watu wa kawaida, si wagonjwa waliokuja hospitalini, na mwaka 2012 wakaeleza waliyoyaona: miongoni mwa wenye apnea ya usingizi, asilimia 11.8 walikuwa na maumivu ya kichwa ya asubuhi ya aina iliyoelezwa. Miongoni mwa wasio na ugonjwa, asilimia 4.6 waliamka na maumivu yanayofanana na hayo. Maana yake ni nini? Ni kwamba uhusiano upo, tena wa zaidi ya mara mbili. Lakini pia kwamba wagonjwa wengi wa apnea hawaumwi kichwa kamwe, na kwamba wapo wanaoumwa kichwa alfajiri ambao koo lao halina kosa.

Sababu nyingine ni nyingi. Iko pombe ya jana. Iko tabia ya kusaga meno usingizini. Iko kahawa na chai, ambazo aliyezizoea akizikosa kwa muda kichwa humgonga. Na katika nyanda za baridi iko sababu ambayo haingoji uchunguzi wa mwaka mzima: jiko la mkaa lililoingizwa chumbani na milango ikafungwa. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na kichwa kinachouma asubuhi ndiyo dalili ya walio na bahati, kwa sababu wasio na bahati hawaamki. Ikiwa nyumba nzima inaamka na kichwa kinauma, mtoto, mama na mgeni, hapo hapana suala la kukoroma. Jiko litolewe nje.

Halafu iko malaria, ambayo kwa miaka mingi imekuwa jibu la kila kichwa kinachouma katika sehemu hizi za Afrika. Desturi ya kumeza dawa ya malaria kila kichwa kinapogonga ilijengeka wakati kipimo kilikuwa mbali na homa ilikuwa karibu. Lakini tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba mtu apimwe damu kwanza, na kipimo cha haraka kikaenezwa mpaka katika zahanati. Majibu yakirudi kuwa hakuna vimelea, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, inampasa mgonjwa na mganga wake waache kubishana na kipimo, na waanze kuuliza maswali mengine. Bila shaka ziko dalili ambazo hazingoji maswali: kichwa kilichopasuka ghafla kwa maumivu makali kuliko yote ya maisha, homa yenye shingo kukakamaa, mkono au mguu kupooza, macho kuona maluwiluwi pamoja na kutapika, au maumivu yanayozidi siku hata siku. Mwenye hayo aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ni nani basi anayepatwa na ugonjwa huu? Watumishi wa serikali watapenda kujua kwamba uchunguzi mmoja wenye sifa kubwa duniani ulifanywa kwa watumishi wa serikali wenzao. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, watafiti waliwachukua wafanyakazi wa idara za umma wenye umri wa miaka 30 hadi 60, wakawalaza katika maabara na kuwapima usiku kucha. Taarifa ya watu 602 wa kwanza ilitoka mwaka 1993 na ikawashangaza wengi. Asilimia 24 ya wanaume na asilimia 9 ya wanawake walikuwa na pumzi inayokatika mara 5 au zaidi kwa saa; asilimia 4 ya wanaume na asilimia 2 ya wanawake walikuwa, pamoja na hayo, wanasumbuliwa na usingizi mchana. Watu hao walikuwa kazini, wakijaza fomu na kuhudhuria mikutano. Makadirio ya mwaka 2019 yalisema kuwa ulimwenguni watu milioni 936 wa umri wa miaka 30 hadi 69 wana ugonjwa huu kwa kiasi fulani.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani, maradhi ya watu walioshiba. Hoja hiyo imepitwa na wakati. Uchunguzi wa taifa uliofanywa Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne ana uzito uliozidi, na karibu kiasi hicho hicho wana shinikizo la damu. Kazi ya kukaa mezani, chipsi za mchana na soda ya jioni zimekwisha fanya kazi yake, na hapana anayekwenda kwenye harusi ya siku hizi asiyeona ushahidi. Isitoshe, unene si sharti. Mtu mwembamba mwenye taya dogo anaweza kuwa mgonjwa. Na mwanamke, hasa baada ya kukoma hedhi, anaweza kuwa mgonjwa bila ya kukoroma kwa kishindo, akalalamikia uchovu, kichwa na kukosa usingizi tu, akaambiwa kuwa ana mawazo mengi. Wanawake wengi wamekwisha ambiwa hivyo kuliko inavyostahili.

Kichwa kinachouma, kwa kweli, ndicho kidogo katika mambo yote haya. Kila pumzi inapokatika moyo hushtuka na shinikizo la damu hupanda. Wale wale watumishi wa Wisconsin walifuatwa kwa miaka, na taarifa ya mwaka 2000 ikaonyesha kwamba aliyekuwa na apnea mwanzoni ndiye aliyekuwa na uwezekano zaidi wa kupata shinikizo la damu baadaye, hata baada ya kuhesabu unene wake. Hivyo yule mwalimu anayemeza dawa tatu za presha na presha haishuki, ni haki yake kuulizwa namna anavyolala.

Na kuna wale walioshika usukani. Tarehe 1 Desemba 2013, alfajiri, treni ya abiria iliyokuwa ikielekea mjini New York iliingia katika kona kali huko Bronx kwa mwendo wa kilomita 132 kwa saa, mahali palipotakiwa kilomita 48. Watu 4 walikufa na zaidi ya 60 waliumia. Wachunguzi wa serikali waligundua kwamba dereva alikuwa amesinzia, na kwamba alikuwa na apnea kali ya usingizi ambayo hakuna aliyewahi kumpima. Hakuwa amelewa. Dereva wa gari la idara anayesafiri na viongozi wilayani, au yule wa basi lenye abiria 60, hana koo tofauti na la dereva huyo.

Ugumu wa ugonjwa huu ni kwamba mgonjwa hana ushahidi wake mwenyewe. Ukimwuliza kama anakoroma atakataa, naye atakuwa mkweli, kwani hakuwapo. Shahidi ni yule anayelala kando yake. Mke ndiye ajuaye kwamba mume huacha kuvuta pumzi akangoja, akahesabu moyoni, na pengine akamtikisa: "Baba Neema, geuka!" Asubuhi hulitaja jambo hilo kama mzaha au kama ugomvi, na mume hujibu kwa hasira kwamba anasingiziwa. Yafaa ugomvi huo uhamie kwa daktari. Wapo pia wanaozinduka wakitapatapa, wameshika koo, wakaamini kuwa wamekabwa na jinamizi au na kitu kilichotumwa na jirani. Jinamizi la kweli, lile la mtu kuamka akili na mwili ukabaki hauwezi kusogea, ni jambo jingine katika elimu ya usingizi. Lakini anayekabwa kila usiku, anayeamka mdomo umekauka, anayekwenda haja ndogo mara tatu kabla ya kukucha, na kisha kichwa kinamuuma, hana haja ya kumtafuta adui kijijini. Urafiki mwingi umevunjika kwa mashaka ya namna hiyo.

Walimu wana sababu ya pili ya kulijua jambo hili, nayo imeketi mbele yao darasani. Watoto nao hupatwa na apnea, aghalabu kwa sababu ya mafindofindo na nyama za nyuma ya pua zilizokua kupita kiasi. Tofauti ni kwamba mtoto aliyekosa usingizi si lazima asinzie. Mara nyingi huwa mtundu, hatulii, hasikii, hukojoa kitandani katika umri uliopita, na humaliza wa mwisho. Mwaka 1998 ulitolewa uchunguzi wa Marekani juu ya watoto 297 wa darasa la kwanza ambao walikuwa katika sehemu ya kumi ya mwisho kwa alama. Watoto 54 kati yao, yaani karibu mmoja katika kila sita, walikutwa na matatizo ya pumzi usingizini. Wale waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa mafindofindo walipanda alama mwaka uliofuata. Wale ambao wazazi wao hawakukubali matibabu walibaki pale pale. Ni viboko vingapi vimepigwa ulimwenguni kwa kosa lililokuwa kooni? Mwalimu hawezi kumpima mtoto, lakini anaweza kumwita mzazi na kumwuliza: Je, mtoto huyu anakoroma? Analala mdomo wazi?

Matibabu yapo. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970 mgonjwa mkali alitobolewa shingo ili apumue kwa tundu. Mwaka 1981 daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walitangaza njia nyingine: mashine inayosukuma hewa kwa shinikizo dogo kupitia puani, hewa hiyo ikawa kama nguzo inayozuia koo lisianguke. Mashine za kwanza zilitumia mota ya kifaa cha kufyonza vumbi na zilipiga kelele. Wagonjwa 5 wa mwanzo walilala. Mashine za leo ni ndogo na kimya, na ndizo tiba ya kwanza kwa ugonjwa wa wastani na mkali. Wako wanaosaidiwa na kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya la chini mbele, na wako wanaohitaji upasuaji.

Lakini yapo ambayo hayangoji mashine. Katika watu wa Wisconsin, kupungua uzito kwa asilimia 10 kulikwenda pamoja na kupungua kwa pumzi zinazokatika kwa takriban robo. Pombe ya usiku hulegeza koo zaidi, na vidonge vya usingizi vyaweza kufanya hivyo hivyo. Ni balaa kwamba mtu mchovu asiyejua ugonjwa wake hukimbilia vitu hivyo hivyo viwili. Kulala ubavu badala ya chali huwasaidia wengi, na wapo walioshonewa mpira mdogo mgongoni mwa fulana ili wakijigeuza wazinduke. Ni dawa isiyohitaji ankara.

Yanayotakiwa kwa wenye mamlaka si makubwa. Mganga wa zahanati hana maabara ya usingizi, lakini ana utepe wa kupimia na ana mdomo. Swali la mkoromo, la uchovu wa mchana, la pumzi iliyoonekana kukatika na la shinikizo la damu, pamoja na unene, umri uliozidi miaka 50, shingo iliyozidi sentimita 40 na kuwa mwanamume, ndiyo maswali yaliyotungwa Toronto mwaka 2008 na kutumika sasa duniani kote kuwachuja wanaostahili kupelekwa mbele. Hayagharimu hata shilingi. Hospitali kubwa nazo zaweza kuanza na vifaa vidogo ambavyo mgonjwa huvivaa kidoleni, puani na kifuani akalala navyo nyumbani kwake. Na sasa kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, wanaopanga vitita vya matibabu hawana budi kuvitaja vipimo hivi na mashine hizi kwa majina yake, kwani mshahara wa mwalimu hauwezi kuzibeba.

Wakuu wa kazi watauliza kama huku si kuwapa wavivu kichaka cha kujifichia. Sivyo. Mvivu anaweza kudai kuwa kichwa kinamuuma, na hakuna chombo cha kupima maumivu. Lakini pumzi huhesabiwa, oksijeni hupimwa, na karatasi ya kipimo hutoka na tarakimu ambazo hakuna awezaye kuzighushi akiwa amelala. Kwa hiyo mkuu anayetaka kumjua mzembe wake ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kumpeleka akapimwe. Akirudi na koo zima, barua ya onyo iandikwe. Akirudi na mara 40 kwa saa, maneno yale yaliyomo katika jalada yafutwe, na apewe ruhusa ya kwenda kliniki bila ya kukatwa siku.

Wakati huo ukisubiriwa, mwenye kuamka na kichwa kinauma siku nyingi katika mwezi anaweza kuanza usiku wa leo. Aandike katika daftari saa aliyoamka na maumivu na saa yalipoondoka, na idadi ya vidonge alivyomeza. Amwombe mwenziwe wa chumba, au mtoto mkubwa kama hana mwenzi, akae macho kwa nusu saa baada ya yeye kulala, asikilize na ahesabu. Wengi wana simu inayoweza kurekodi sauti, nayo yafaa. Kisha aende nayo hospitali, daftari na sauti pamoja, na kama daktari atamwandikia Panadol tena bila kusikiliza, amwombe kwa adabu asikilize.